Jogoo Niliyemkamata Kwenye Hitima ya Watu

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla mtu mwingine hajawaambia, maana Bungoma haiko mbali na Kitale na maneno hayalipi nauli: mimi, mtu mzima, baba wa Neema na wadogo zake, fundi wa kushona sare za shule, nimewahi kufukuza jogoo wa watu mchana kweupe kwenye hitima ya marehemu wao, nikiwa nimevaa koti nililofungia ndoa, na nilipomkamata nikamwinua juu kama kombe la mpira nikatangaza kwamba ni haki yangu. Tena sikuwa nimelewa. Ningekuwa nimelewa ningepata la kujitetea. Nilikuwa nimekunywa chai tu, na hata hiyo chai ilikuwa yao.

Kwanza mjue mimi si mtu wa kutembea. Cherehani yangu iko barazani, kitanda kiko nyuma ya cherehani, na choo kiko nyuma ya kitanda, kwa hivyo maisha yangu yote yamepangwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Mke wangu husema mimi ni kama sufuria kubwa ya sherehe, sitolewi nje ila kuna mazishi au harusi. Sasa jiulizeni mtu kama huyo alifikaje uani kwa watu asiowajua, akamvizia jogoo.

Ilianzia Kabuchai, nyumbani kwa ukoo wa marehemu baba yangu, siku tuliyomzika mke wa baba mdogo. Sisi ni Wabukusu, na mwanamke akizikwa kwetu, lazima watu wa kwao waitwe mbele. Mwenye kuongoza shughuli alishika kipaza sauti akasema, "Wenyewe wa huyu mama wasimame tuwaone," na ndugu zake wakasimama, wengi, wenye makoti na wenye vitambi, mmoja akaongea mpaka mvua ikatishia. Mama yangu alikuwa ameketi mbele yangu. Niliona shingo yake ikiinama kidogo kidogo, kama mshumaa ulioachwa juani.

Mama hana watu. Nasema hivyo tu, maana ndivyo alivyosemwa yeye maisha yake yote. Alizaliwa Saada, baba yake akiwa Mwislamu mmoja aliyekuwa mpishi wa mzungu kwenye shamba huku Trans Nzoia, jina lake Juma. Mama yake alifariki mapema, huyo Juma naye akafuata Saada akiwa bado mdogo, na misheni ikamchukua, ikamsomesha kidogo, ikambatiza Sara. Alipoolewa kwetu hakuna shemeji aliyekuja kudai ng'ombe hata mmoja. Shangazi zangu walimwita "mtu wa kuja", na walipokasirika walisema alitoka na maji ya pwani, ingawa yeye pwani hajaiona hata kwenye kalenda.

Na mimi yalinifikia. Mtoto wa kiume kwetu akienda jandoni, lazima aende kwa mjomba wake, ndugu ya mama, tunamwita khocha, na mjomba anachinja na kumvika kipande cha nyama shingoni, na kijana anarudi nacho nyumbani akikimbia na kuimba, kila mtu ajue kwamba upande wa mama kuna watu. Mimi nilivikwa na jirani. Nyama yenyewe ilitoka buchari, ilipimwa kwa kilo, ilikuwa na alama ya muhuri wa serikali. (Marafiki zangu wa rika moja hawajausahau huo muhuri. Mpaka leo mmoja akiniona huuliza, "Barasa, ile nyama ilikuwa imekaguliwa?")

Zaidi ya hayo, mpwa kwetu ana haki. Unaingia kwa mjomba, unaona kuku umempenda, unamkamata na kwenda naye, na hakuna wa kukuuliza, kwa sababu laana ya mpwa inaogopwa. Nilikua nikitazama watoto wengine wakirudi kutoka kwa wajomba zao na kuku kwapani. Mimi kwapani nilikuwa na kwapa.

Basi tuliporudi kutoka mazishi yale, mama alikaa barazani kwangu (anakaa na sisi Kitale tangu baba afariki), akavua viatu, akasema bila kuniangalia:

"Siku yangu ikifika watauliza wenyewe wangu wasimame."

"Mama, acha hayo."

"Nani atasimama, Barasa? Utasimama wewe? Wewe ni wa kwao."

Nilikanyaga cherehani nikashona mfuko wa kaptura upande usiofaa. Lakini moyoni nikaamua: nitamtafuta Juma. Nitajua alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, na nitawatoa watu wake waliko, hata kama ni chini ya kitanda.

Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa makubwa yote. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Zuhura, Mwislamu, anayeuza viungo sokoni, mtu anayejua habari za misikiti yote kuanzia Kitale hadi Mumias. Mtu yeyote mwenye akili angeanza kwa kumuuliza. Mimi nikasema hapana. Kwanza tulikuwa na kesi ya kuku: kuku wake wanapita chini ya ua wa michongoma wanakuja kunya juu ya vitambaa vyangu vyeupe, mimi nawatupia vipande vya chaki, yeye anatoka na mwiko. Pili, nilijua nikimwambia asubuhi, kufikia adhuhuri wauza nyanya wote watakuwa wanauliza kama babu amepatikana. Nikajiambia, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, karatasi zipo, nitasoma mwenyewe.

Karatasi ya kwanza niliipata kwa urahisi mpaka nikajiona mpelelezi. Shule ya misheni aliyosoma mama bado ina rejista za zamani kabatini, mchwa wamekula pembe lakini katikati wameacha (nadhani wino haukuwa mtamu). Nikamwona pale: Sara, zamani Saada, baba Juma bin Abdalla, mpishi, marehemu. Nilisoma mara mbili mbili. Mama hakuwahi kujua hilo jina la pili la baba yake. Nilipomwambia jioni, alilitamka polepole kama mtu anayeonja chumvi. "Abdalla. Kwa hivyo babu yangu ni Abdalla." Akalirudia akiwa anasonga ugali. Akalirudia akiwa anaosha vyombo. Usingizi ulimchukua nalo.

Ya pili ilinitoa jasho. Kuna ofisi moja inayohifadhi makaratasi ya enzi za mkoloni, na ukienda leo wanakuambia aliye na funguo ametoka, ukienda tena wanakuambia funguo zipo lakini aliyetoka ni faili. Nilienda mpaka bawabu akaanza kuniuliza hali ya watoto. Mwishowe karani mmoja, msichana mpole, akaniletea jalada la watumishi wa mashamba walioandikishwa vipande, vile vitambulisho vya kazi, na tukafungua pamoja, na tukapiga chafya pamoja, na tukampata. Juma bin Abdalla. Kazi: mpishi. Kabila: Mswahili. Kwao: Bungoma. Jina la baba: Abdalla. Na jina la lile shamba la mzungu likiwa pembeni, lile lile analolikumbuka mama.

Nilipiga meza. Yule karani akashtuka, akaniambia, "Mzee, karatasi imekupa jina tu. Haijakuambia ni Abdalla gani." Lakini mimi nilikuwa nishaomba nakala, nishaikunja, miguu yangu iko mlangoni. Mwislamu, Bungoma, Abdalla. Wako wangapi?

(Nitawaambia baadaye wako wangapi.)

Nikampigia mteja wangu mmoja anayeuza vitambaa Bungoma mjini, nikamuuliza kama kuna ukoo wa Abdalla. Akacheka. "Kina Abdalla? Si hawa wako nyuma ya msikiti! Watu wakubwa hao, watulivu. Na Jumamosi wako na hitima ya mzee wao, Abdalla mwenyewe. Kwani uko na maneno nao?"

"Ni wajomba zangu," nikasema. Jamani, neno hilo lilitoka kinywani tamu kama muwa. Nilikuwa sijawahi kulitumia.

Mke wangu akauliza kama nimewapigia simu kuwajulisha. Nikamwambia damu haipigi simu. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Sawa, sisi ambao si damu tutapiga," lakini namba hatukuwa nayo, kwa hivyo hilo likaishia hapo. Mtu haendi kwa mjomba mikono mitupu, nikatafuta gunia la mahindi makavu ya Kitale, sukari, na blanketi la mzee yeyote tutakayemkuta. Mama alivaa kitenge chake kizuri, akajifunga leso kichwani jinsi alivyowaona wanawake wa Kiislamu wakifanya, akaivua, akaifunga tena. Shemeji yangu mwenye pikapu akatubeba. Njia nzima mama hakusema neno ila moja, tulipofika karibu: "Nikisalimia nasema Shikamoo au nasema Salaam?"

"Sema vyote," nikamwambia. Ndiyo hekima niliyokuwa nayo.

Tulikuta turubai zimefungwa, wanaume wenye kanzu wamekaa kwenye mikeka, kisomo kinaendelea, na nyuma ya nyumba masufuria ya pilau yanatoa moshi. Sasa sikilizeni, hapa ndipo ujinga wangu ulipopata mbolea. Hitima haina kadi ya mwaliko. Mtu akija anakaribishwa, anakaa, anaombea marehemu, anakula, anaenda zake, na hakuna anayemuuliza wewe ni nani, ni adabu yao. Mimi sikujua. Mimi nilipoona tumeingia getini na vijana wamekimbilia gunia letu wakisema "Mungu awalipe", na mama amepokelewa mikono yote miwili na bibi mmoja mnene mwenye hina vidoleni (baadaye nilijua anaitwa Bi Mwanaisha), na mimi nimewekewa chai na kaimati kabla sijakaa vizuri, nikajiambia: damu imetujua. Wametuona usoni wakatujua.

Nilimwona mama upande wa wanawake. Bi Mwanaisha alimuuliza, "Mmetoka wapi, dada?" Mama akasema Kitale. "Mbali jamani! Karibuni nyumbani." Mama alishika ule mkono akakataa kuuachia, na machozi yakamtoka, na wale wanawake, kwa kuwa ilikuwa hitima na watu hulia kwenye hitima, wakalia pamoja naye. Jinsi nilivyofurahi siwezi kueleza. Nilikula kaimati saba au nane.

Basi nikaenda nyuma kuosha mikono, na hapo nikamwona.

Jogoo mwekundu, shingo ya dhahabu, mkia kama upinde, anatembea kando ya jiko kana kwamba amelipia kiwanja. Nikasimama na maji yakinichuruzika. Yale yote ya utotoni yakanirudia, wale watoto na kuku zao kwapani, na nyama yangu yenye muhuri, na nikafikiri, mimi ni mpwa. Nimefika kwa wajomba. Kama sichukui leo nitachukua lini? Tena nikafikiri (ndiyo, nilikaa nikafikiri, haikuwa ghafla) kwamba nikimchukua watu wote wataona, na mama ataona, na itakuwa imethibitishwa mbele za watu kwamba yeye ana kwao.

Nikavua kiatu kimoja, sijui kwa nini, nikamnyemelea.

Kuku wa mjini ana mbio kuliko wa kijijini, lisemwe. Alipita chini ya meza ya sahani, mimi nikapita juu yake. Alipita kwenye kamba ya kanzu zilizoanikwa, nikatoka upande wa pili na kanzu moja kichwani. Beseni la kachumbari likaenda. Kijana mmoja kwenye masufuria akapiga kelele, "Wee buda! Hiyo kuku ni ya nani?" mwingine akaita "Mwizi!", na kisomo kikasimama katikati ya aya, watu wakaja mbio, nami nikamzingira jogoo kwenye pembe ya choo, nikajitupa, nikamshika mguu. Nikainuka. Nikamwinua. Goti la suruali limepasuka, kachumbari imenikaa begani, na nikasema kwa sauti ya mtu anayehutubia baraza:

"Mimi si mwizi! Mimi ni mpwa wenu! Kitukuu wa Abdalla! Nimechukua kuku wangu!"

Hata jogoo alinyamaza.

Nyuma ya umati nilimwona mama, amesimama, ameshika kifua, anatabasamu. Hilo tabasamu ndilo nalikumbuka kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Mzee wa nyumba akapenya, mrefu, ndevu nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Ni Mzee Sefu, mtoto mkubwa wa marehemu. Aliniangalia kuanzia kiatu kimoja mpaka kanzu ya kichwani, akasema kwa upole sana, "Karibu, mpwa. Mpwa kwa nani?"

Nikamweleza, jogoo akiwa kwapani. Nikamtolea nakala yangu kwenye bahasha ya plastiki. Akaisoma akiwa ameiweka mbali, kisha karibu, kisha mbali tena, na alipomaliza hakunirudishia. Akauliza, "Mama mwenyewe yuko wapi?" Mama akaja mbele. Mzee Sefu akaomba kiti, si chake, cha mama, akamkalisha, naye akachuchumaa karibu naye kama mtu anayetaka kuzungumza na mtoto au na mgonjwa.

"Dada," akasema, "huyu Juma ni baba yako?"

"Ni baba yangu."

"Na kipande hiki aliandikishwa akiwa mtu mzima, mpishi wa watu."

"Ndiyo."

"Wakati karatasi hii inaandikwa, baba yetu Abdalla alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, anafundishwa alifu. Angemzaaje mpishi?"

Mwaka ulikuwa pale juu ya karatasi, jamani. Ulikuwa pale kwa wino, na mimi nimelala na ile karatasi chini ya mto wiki nzima, na marehemu Abdalla kifo chake ni juzi tu, wajukuu wake wako hapa na simu za kisasa. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Hesabu hiyo ni ya darasa la tatu. Lakini nilipoliona jina niliacha kuhesabu.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Mzee Sefu hakugeuka, alinyanyua tu kidole kimoja, kicheko kikakatika.

"Basi ni Abdalla mwingine," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepungua. "Wa hapa hapa Bungoma. Imeandikwa."

"Bungoma ndipo alipoandikishwa. Karani alikuwa na foleni mlangoni, hakuwa na muda wa kumuuliza kila mtu kitovu chake kimezikwa wapi." Akamgeukia mama. "Na huyo Abdalla, dada, nakuomba radhi, huenda hajawahi kuwepo. Zamani mtu akisilimu na baba yake si Mwislamu, walimwandika bin Abdalla. Mwana wa mja wa Mungu. Kila baba ni mja wa Mungu, kwa hivyo halikuwa uongo. Lakini jina la baba yake la kweli likabaki nje ya mlango."

Akanitazama mimi sasa, na nadhani alitaka kunisaidia nicheke. "Mpwa, kina bin Abdalla katika nchi hii ni wengi kama mahindi ya kwenu Kitale. Ukiamua kudai kuku kwa kila mmoja, utaota manyoya."

Watu walicheka, safari hii aliwaacha. Mimi nilikuwa nikimtazama mama. Tabasamu lilikuwa limefutika, na nilitamani ardhi ya Bungoma ifunguke, na nilijua haitafunguka, maana hata ardhi ile haikuwa yetu. Aibu ya kuitwa mwizi wa kuku ni kitu kidogo. Aibu yangu ilikuwa kwamba nilimpa mama yangu babu, akalala na jina lake, akajifunga leso kwa ajili yake, akashikwa mkono na dada zake wa uongo, halafu nikamrudisha alipokuwa, mbele ya watu wote, na jogoo wa watu akinichafulia koti.

Mama akauliza swali ambalo mimi na kidato changu cha nne hatukuwa tumelifikiria.

"Kwa hivyo baba yangu hakuzaliwa Mwislamu?"

"Kwa jina hili, inaelekea hakuzaliwa."

"Hakutoka pwani."

"Sioni kitu hapa kinachosema alitoka pwani."

"Kwa hivyo huenda alikuwa mtu wa huku huku," mama akasema. "Mbukusu kama hao mawifi wanaonicheka."

"Huenda. Huenda Mteso, huenda Msabaoti. Mungu anamjua."

Mama akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kwa mkono. "Mtu wa kuja," akasema, si kwa Mzee Sefu, si kwangu. Kisha akaniangalia na kuona kwa mara ya kwanza kwamba bado nimemshika yule ndege. "Barasa. Weka kuku ya watu chini."

Nikamweka. Alijikung'uta, akaniangalia kwa dharau, akaenda zake.

Bi Mwanaisha ndiye aliyesema mwisho. "Huyo hapana, huyo ndiye anatuamsha alfajiri," akasema. "Lakini mtu ameshajiita mpwa wetu, ameshavunja beseni langu, siwezi kumwacha aondoke hivi hivi." Akaingia bandani, akatoka na tetea mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, akamkabidhi mama, si mimi. Mimi alinikabidhi ufagio, na nikafagia kachumbari mbele ya hadhira. Kisomo kikaendelea pale kilipokatikia. Tulikula pilau. Ilikuwa tamu, na ndilo jambo la kusikitisha zaidi, nilitaka iwe mbaya.

Njia ya kurudi nilimwomba mama msamaha. Alikuwa na tetea mapajani, anampapasa. "Ulipokuwa unakimbia na ile kanzu kichwani," akasema, "nilifurahi sana." Kisha akageukia dirisha mpaka tukafika Kitale.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba karatasi ya zamani ni kama mgeni mwenye haya, inajibu ulichouliza tu, na mimi nilikuwa nimeiuliza kitu kimoja nikaishika mdomo. Jina la baba yake Juma bado sijui. Bado naenda kule ofisini, siku za kazi chache, na yule karani sasa ananiacha nisome mwaka kwanza kabla ya jina, ananisimamia kabisa. Na nimeapa mbele ya mke wangu (alitaka iwe kwa maandishi) kwamba sitagusa mnyama wala ndege wa ukoo wowote mpaka nimekunywa nao chai mwaka mzima.

Nilikuwa pia nimeamua kwamba habari hii haitavuka ukuta. Lakini yule tetea, asubuhi ya pili, alivuka chini ya michongoma akajiunga na kuku wa Mama Zuhura, na nilimsikia mama akimfuata, na nikasikia Mama Zuhura akiuliza, "Hii nyeupe ni ya nani?" na kisha sauti ya mama, chini chini, muda mrefu sana, na hakuna aliyecheka. Nikashona kola nikaifumua, nikashona nikaifumua. Mwishowe Mama Zuhura akaja kwenye ua, mwiko mkononi, akanitazama mpaka nikasimamisha cherehani. Nawaandikia alivyosema, neno kwa neno:

"Baba Neema, miaka hii yote tunagombana hapa kwa ua, hujawahi niuliza mimi ni binti ya nani. Babu yangu pia aliandikwa bin Abdalla, na baba yake hatumjui mpaka leo. Siku ya mama yako wakisema wenyewe wasimame, nitasimama mimi. Lakini kuku yangu ukigusa, naita polisi."